Muulize Shangazi: Bibi anasema Patwa ni Kiingereza kibovu

Barua za Jamaica zimekuja tatu kwa mpigo, sijui mmeambiana. Nimeziweka pamoja. Kwa asiyejua, Patwa ni lugha wanayoongea Wajamaika nyumbani kwao.

Shangazi shikamoo. Mimi ni Mtanzania naishi London, mume wangu kazaliwa hapahapa ila wazazi wake wametoka Jamaica, parishi ya St. Thomas. Tuna watoto wawili, wa kwanza ana miaka 7 wa pili 4. Kiswahili nawaongelesha mimi na wanakijua vizuri tu, ila upande wa baba yao ni kimya kabisa. Mama mkwe akiwa na dada yake kwenye simu anaongea Patwa tamu hadi unatamani usikie tu, mtoto akiingia anageuza hapohapo anaanza Kiingereza cha darasani. Nilimuuliza mama mbona huongei nao hivyo, akasema hiyo si lugha, ni Kiingereza kibovu, wataharibikiwa shuleni. Mume wangu hataki kuingilia. Nimenunua vitabu vya hadithi za Anansi, yule buibui mjanja, wakaangalia picha siku moja, bas, vipo kabatini. Nifanyeje bila kugombana na mkwe? – Mama Wawili, London

Marahaba mwanangu. Tuanze na huyo bibi kwanza maana vitabu vinaweza kusubiri. Yeye sio mkaidi, anaogopa, na ana sababu. Miaka ya 60 na 70 huko Uingereza watoto wa Karibea walikuwa wanapelekwa kwa wingi kupita kiasi kwenye shule za watoto wanaohesabiwa kuwa wazito wa akili, na jinsi walivyoongea ilikuwa moja ya sababu, mtoto anajibu kwa lugha ya nyumbani kwao mwalimu anaandika huyu haelewi. Mwaka 1971 mwalimu mmoja wa Grenada, Bernard Coard, alitoa kitabu kidogo kuhusu jambo hilo na wazazi wakaanza kupiga kelele. Sasa mama aliyelea mtoto London kipindi hicho akikwambia Patwa itamharibu mjukuu, usimbishie kwa nadharia. Mwambie mama naelewa ulichokuwa unakizuia.

Halafu ukipata nafasi, taratibu, mwonyeshe kwamba ni lugha, na wewe mwenye Kiswahili utaliona hilo haraka kuliko Mwingereza. Angalia: mi a nyam ni ninakula, mi did nyam nilikula, mi a go nyam nitakula. Kitenzi hakibadiliki, alama ya wakati inakaa mbele yake, si ndo na, li na ta zetu hizo? Wao wana unu, yaani ninyi, neno linalotajwa kuwa la Kiigbo, wakati Kiingereza cha leo mtu mmoja na watu kumi wote wanaitwa neno moja. Pikni, mtoto, limetoka kwenye Kireno. (Nyam usije ukamwambia bibi ni nyama yetu, nishasikia watu wakisema hivyo, hiyo inahusishwa na lugha za Afrika Magharibi.) Ila kuna kitu kingine cha kumwuliza, na hapa nakuomba usikose: St. Thomas ndiko hasa nyumbani kwa Kumina, ngoma na ibada ya watu walioletwa kutoka Afrika ya Kati kufanya kazi za mkataba baada ya utumwa kwisha 1838, na ndani ya nyimbo zake maneno ya Kikongo yamo hadi leo, Mungu anaitwa Zambi. Kikongo ni Kibantu kama Kiswahili. Kwa hiyo lugha yako na mambo ya kwao bibi ni mabinamu, na kama aliwahi kuisikia ngoma hiyo utotoni atakwambia mengi kuliko mimi, au atanyamaza kwa sababu zamani ilikuwa inadharauliwa, nalo ni jibu.

Sasa vitabu. Viko kabatini kwa sababu Anansi sio wa kuangalia kwa macho mwanangu, Anansi ni wa mdomo. Yule buibui alitoka kwa Waakan wa Ghana ya leo, akavuka bahari vichwani mwa watu waliofungwa minyororo, hakuna aliyebeba kitabu, na Jamaica wanamsimulia na sauti yake kabisa, ya kithembe, mtoto akisikia tu ile sauti anajua sasa mtu anaenda kutapeliwa. Kitabu kikikaa kimya kwenye mapaja ya mtoto hiyo sauti inatoka wapi?

Fanya hivi. Siku bibi yupo, chukua kitabu chenye Patwa ndani yake usome wewe kwa sauti. Soma na Kiswahili chako hichohicho cha kutamka kila irabu. Nakuhakikishia hafiki ukurasa wa tatu, atasema lete hapa unaniharibia, na akishakishika hicho kitabu wewe nenda jikoni. Usirudi kumsifia, usipige picha, mwache. Sikufundishi ujanja, au ndio nakufundisha, tuseme ni wa Anansi mwenyewe.

Mwonjeshe na Miss Lou. Louise Bennett huyo, kazaliwa Kingston 1919, kafariki Toronto 2006, aliandika mashairi kwa Patwa wakati wasomi wanacheka, akaja kusoma uigizaji hapo hapo London miaka ya 40, na kuanzia 1970 hadi 1982 alikuwa na kipindi cha watoto kwenye televisheni ya JBC ya Jamaica Jumamosi kinaitwa Ring Ding, watoto wanaimba, wanatega vitendawili, wanacheza michezo ya duara. Kuna shairi lake anamwuliza mtu anayetaka kuiua Patwa kama ataanza kwanza na lahaja za Waingereza wenyewe, maana nao wanazo. Bibi anamjua kwa hakika, na hajawahi kumwona Miss Lou kuwa mtu wa Kiingereza kibovu. Mwache ajibishane naye mwenyewe moyoni.

Mambo ya mikono sasa. Yapo mengi ila mimi ningeanza na matatu. Krismasi kuna Jonkonnu, watu wanatoka na vinyago, ngoma na filimbi, yupo Kichwa cha Ng'ombe, yupo Kichwa cha Farasi, yupo mwanamke mwenye tumbo kubwa ambaye kwa desturi ni mwanamme kajifunga mito, na yupo Pitchy Patchy aliyevaa vipande vya nguo vya kila rangi mwili mzima anazunguka kama upepo. Una vipande vya kitenge? Kata, shonea kwenye fulana kuukuu, umepata Pitchy Patchy, na mtoto wa miaka 4 hatavua wiki nzima. La pili ni mchezo wao wa dandy shandy, wawili wanarusha mpira huku na huku wa katikati anakwepa, yaani rede hiyohiyo uliyocheza wewe, tofauti mpira wao wa kujitengenezea ni boksi la juisi lililojazwa makaratasi, kwa hiyo hapo mama na bibi mnacheza mchezo mmoja na kila mtu anadai ni wa kwao.

La tatu la jikoni. Kuna kitu kinaitwa dokono, unga wa mahindi au viazi vitamu vya kukwaruza, tui la nazi, sukari, kungumanga, unafunga kwenye jani la mgomba unachemsha. Jina ni la Kiakan. Lina majina mengine ya utani, moja maana yake funga jani, lingine maana yake chupi ya bluu, na ukiwaambia watoto wako wanakula chupi ya bluu hawatalisahau mpaka wazeeke. Bibi akifunga yeye anaongea huku anafunga, watu wazima mikono ikiwa kazini ulimi unarudi nyumbani wenyewe. Washa simu irekodi sauti, umwombe ruhusa kwanza. Baadaye mkubwa achore alichosikia, mwandike sentensi ya bibi chini ya kila mchoro kama alivyosema bila kuisafisha, mtoboe, mfunge kwa uzi. Hicho kitabu hakitawekwa kabatini, sauti iliyo ndani yake wanaijua.

Mumeo mwache kwanza. Akiona mama yake kaanza ataanza.

Shangazi, mke wangu ni Mjamaika tupo Toronto, ameandika kahadithi kwa Patwa kwa ajili ya mtoto wetu wa miaka 6 tunataka tukachapishe kidogo. Tunabishana spelling. Yeye anaandika kama Kiingereza na kuweka alama za kukata (') kila mahali, mimi nikisoma nachanganyikiwa. Nani yuko sawa? – Baba Mchapaji

Kwenye hili niko upande wako baba, ila usimwonyeshe hii barua. Mtaalamu wa lugha Frederic Cassidy alitoa utaratibu wa kuandika Patwa mwaka 1961, na kitengo cha lugha cha Chuo Kikuu cha West Indies pale Mona, kilichoanza 2002, kikauboresha. Kanuni yake Mswahili haimsumbui, sauti moja herufi moja. Pikni, buk, skuul, yaad. Irabu ndefu unaandika mara mbili, halafu kuna ie na uo, kiek ni keki, guot ni mbuzi. Agano Jipya la Patwa lilitoka 2012 kwa tahajia hiyo, na kabla ya hapo, 2004 hadi 2008, kuna shule za msingi Jamaica zilijaribu kufundisha kwa lugha mbili, kwa hiyo sio kitu cha kubuni jana.

Mkeo naye ana hoja. Mjamaika mtu mzima aliyesomea Kiingereza tu akiona guot anashtuka, anaona kama ameandikiwa lugha ya kigeni, na mnunuzi wa kitabu ni mtu mzima. Lakini mtoto wa miaka 6 hana mazoea ya kuyaacha, anasoma anachosikia. Chagueni njia moja, msichanganye, na ukurasa wa kwanza muweke maneno kama kumi ya kuzoea. Alama za kukata toa zote, zinafanya kila neno lionekane limekatika kitu wakati ni zima.

Kingine hamjauliza ila nasema. Angalieni nani anaongea Patwa ndani ya hadithi. Vitabu vingi msimuliaji anaongea Kiingereza kilichonyooka, Patwa anapewa mwizi, mlevi na bibi kichekesho. Mtoto hana haja ya kuambiwa, anajua hapohapo lugha gani ni ya watu wa maana. Msimuliaji wenu aongee Patwa toka sentensi ya kwanza, na daktari akiwemo naye aongee.

Shangazi naendesha klabu ya kusoma ya watoto hapa Mombasa, mwezi huu tunasoma hadithi za Karibea. Tatizo huyu Anansi anaiba, anadanganya, na mara nyingi hapati adhabu. Mzazi mmoja kashaanza kununa. Nimtoe? – Mwalimu wa Jumamosi

Na Sungura wetu umtoe pia? Usimtoe. Hadithi hizo zilisimuliwa na watumwa kwenye mashamba ya miwa, mdogo asiye na nguvu anamzidi akili Chui mwenye meno, sasa ulitaka wasimulie mnyonge anaadhibiwa? Hilo walikuwa wanaliona kila siku bila hadithi. Wao wenyewe walijua Anansi ana mambo ya aibu ndo maana hadithi ikiisha msimuliaji anasema Jack Mandora, mi no chuuz non. Miss Lou alieleza kwamba Jack Mandora ni bawabu wa mlango wa mbinguni, na msimuliaji anamwambia haya sikuyachagua mimi, usinihesabie. Wafundishe watoto waliitikie kwa pamoja mwishoni, kama wanavyoitikia pakawa mwanzoni, halafu waulize wao Anansi kakosea wapi, utashangaa walivyo mahakimu wakali.

Yule mzazi aliyenuna mkaribishe Jumamosi moja akae nyuma. Akibaki kanuna, mwambie aende kwa Jack Mandora.