Mwache aingie mashindano ya historia

Dada, umeuliza kama mwanao wa darasa la saba huko Marekani aingie National History Day, mashindano ambayo wanafunzi hutafiti mada ya historia na kuiwasilisha mbele ya majaji, au ni njia tu ya wilaya ya shule kujisifia matokeo ya maarifa ya jamii. Mwache aingie, tena mapema. Mashindano haya yalianza Cleveland mwaka 1974, na siku hizi wanafunzi wapatao 500,000 hushiriki kila mwaka.

Akichagua maonyesho ya ubao, anaruhusiwa maneno yake mwenyewe 500 tu. Kazi iko hapo! Nimewahi kumwona mtoto akifuta sentensi moja mara nne, kila mara akirudi kwenye barua ya zamani kuhakikisha aliyeiandika alimaanisha nini. Halafu majaji humuuliza: umejuaje? Swali hilo kitabu cha darasani hakimuulizi.

Medali za wilaya ni nzuri na mimi huzishangilia sana. Ila usimchagulie mada, tafadhali. Fainali ya taifa hufanyika Juni, Chuo Kikuu cha Maryland, lakini hiyo ni mbali. Kwa sasa mtafutie mkutubi wa kumwonyesha namna ya kupekua magazeti ya zamani.