Mita ya mshale na ya kidijitali kutofautiana: ipi imekosea?

Swali: Nimeunganisha rezista mbili za kilo-omu 100 kwa mfululizo kwenye betri ya volti 12. Nikipima rezista moja, mita ya kidijitali inaonyesha karibu volti 6, lakini mita ya mshale iliyoandikwa 20,000 Ω/V inaonyesha 4.8 kwenye kipimo cha volti 10. Je, imeharibika?

Jibu: Mita yako ni nzima, kilichobadilika ni saketi yenyewe. Maandishi 20,000 Ω/V yana maana ya omu 20,000 kwa kila volti ya kipimo, kwa hiyo kwenye kipimo cha volti 10 mita hiyo ina ukinzani wa omu 200,000, na ukiiweka sambamba na rezista yako, ukinzani wa upande huo hushuka hadi takribani omu 66,700. Piga hesabu upya na utapata volti 4.8 kamili, kwa hiyo mshale umesema kweli kuhusu saketi ambayo mita imekwisha kuingilia.

Hali hii ina asili ya mbali. Mwaka 1820 Ørsted, huko Denmark, aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha umeme, na mwaka huohuo Schweigger akauzungusha waya mara nyingi ili kuongeza nguvu hiyo. Mwaka 1882 Deprez na d'Arsonval, nchini Ufaransa, walitumia koili inayozunguka kati ya ncha za sumaku ya kudumu, na mwaka 1888 Weston, nchini Marekani, akatengeneza kipimio cha kubebeka cha aina hiyo. Hata Avometer ya mwaka 1923, mita moja ya kupima ampea, volti na omu iliyobuniwa na Macadie, fundi wa posta ya Uingereza aliyechoka kubeba vipimio vingi, ilifuata kanuni ileile: mshale hausogei bila mkondo, na mkondo huo hutoka kwenye saketi inayopimwa. Mita yako huhitaji maikroampea 50 ili mshale ufike mwisho wa kipimo, kiasi kidogo sana, lakini si kidogo kwa saketi kama yako.

Mita za kidijitali, ambazo historia yake huanza na voltimita ya Andrew Kay mwaka 1952, hutumia vikuza-ishara vya kielektroniki, na nyingi za leo zina ukinzani wa takribani mega-omu 10. Hapo utasoma volti 5.97.

Hata hivyo, usiitupe ya mshale. Waya uliokatika ukipita kando ya waya wenye umeme, mita ya kidijitali huweza kuonyesha makumi ya volti zisizo na nguvu yoyote, ilhali mshale hubaki karibu na sifuri.