Jumuiya yetu imejaa: tuigawe au tujenge kanisa?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni katibu wa jumuiya ndogo ya Kikristo, yaani kundi la kaya za Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, katika Wilaya ya Kilosa. Tulianza tukiwa kaya 12, na sasa tumefika 41. Kigango chetu, yaani kituo cha sala chini ya parokia, kiko mbali, na wakati wa masika mto ukijaa hatuvuki, hivyo Jumapili nyingi tunasali katika darasa la shule ya msingi tukiongozwa na katekista. Wazee wanataka tuanze kujenga kanisa, na mabati kadhaa yameshanunuliwa. Paroko anasema kwanza tuigawe jumuiya, jambo ambalo wengi wanaliona kuwa ni kutuvunja. Mpango huu wa jumuiya ulitoka wapi, na sisi tufuate lipi?

JIBU: Milele, amina. Mimi niko upande wa paroko wenu, na sababu zangu zinatoka katika asili ya jumuiya zenyewe.

Mwaka 1973 maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi kupanga kazi ya Kanisa kwa miaka ya 1980. Hali waliyokuwa nayo mbele yao mnaijua vizuri: parokia kubwa, vigango vingi, mapadre wachache, na waamini wanaoweza kukaa muda mrefu bila kuadhimisha Misa. Waliamua kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya makundi ambamo watu huishi na kufanya kazi kila siku, makundi yaliyo madogo kiasi cha kuwawezesha watu kufahamiana kweli, na katika mkutano wa 1976, uliofanyika Nairobi pia, waliuweka ujenzi wa jumuiya hizo mbele ya mipango yao ya kichungaji. Maaskofu wa Kongo walikwisha kuelekea huko tangu mwaka 1961. Hapa Tanzania wazo hilo liliwakuta watu waliozoea mfumo wa nyumba kumi kumi na kuishi katika vijiji vya ujamaa, tena Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge alifika hatua ya kujiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga na kushika jembe pamoja na wanakijiji. Mfano wake unanigusa hadi leo, kwa sababu alitangulia yeye mwenyewe kuishi kile alichowaomba waamini wake.

Basi udogo wa jumuiya ulikusudiwa tangu mwanzo. Hebu itazame jumuiya ya kaya kumi na tano inapokutana Jumamosi alfajiri kabla ya watu kwenda shamba: mkeka umetandikwa uani, mshumaa na Biblia viko juu ya kigoda kilichofunikwa kitenge, Injili ya Jumapili inasomwa mara mbili, kisha kila mmoja anataja neno lililomgusa. Hata bibi asiyejua kusoma anasema lake, na anasikilizwa. Baada ya hapo mwenyekiti anauliza nani mgonjwa, mtoto gani hajabatizwa, nani haonekani siku hizi, na kabla watu hawajatawanyika wameshapangwa wa kwenda kumchotea maji mama aliyejifungua. Katika kaya 41 mambo haya hayawezekani. Watasema wale wale watano waliozoea kusema, wengine watafika kuandikwa katika daftari la mahudhurio, na muda mwingi utaishia kwenye michango. Ziko jumuiya zilizofikia mahali pa kumtambua mtu kwa bahasha yake ya zaka tu, hata familia yenye deni ikasumbuliwa siku ya msiba. Hilo ni kosa kubwa, na jumuiya iliyozidi ukubwa huliangukia upesi, kwa kuwa viongozi wake hawajui tena nani amekosa kutoa kwa uzembe na nani amelala njaa.

Mkigawa, igaweni kwa ujirani. Njia, korongo au mstari wa mashamba viwe mpaka, wala msiwaache watu wachaguane kwa urafiki, kabila au uwezo, maana mtaishia kuwa na jumuiya moja ya walimu na wafanyabiashara, na nyingine ya wajane. Kwa hesabu yenu zinatosha jumuiya tatu. Kila moja ichague somo wake, yaani mtakatifu msimamizi, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na viongozi wa sasa wasijazane katika moja. Ombeni akina baba na vijana wapewe kazi za kueleweka, kwa kuwa pengi mzigo wa jumuiya umeachiwa akina mama peke yao. Ibada ya Jumapili pale darasani iendelee kuwa moja kwa wote, na hapo wasiwasi wa kuvunjika utapungua.

Jumuiya tatu zilizo hai, zenye ibada ya pamoja na katekista, ndizo zinazoweza kumwomba paroko, kupitia halmashauri ya walei (waamini wa kawaida wasio mapadre wala watawa), zitambuliwe kuwa kigango. Parokia ni jambo la mbali zaidi, nalo ni la askofu peke yake kuamua, baada ya kulisikiliza baraza la mapadre.

Kuhusu jengo, Kanuni ya 1215 ya Sheria ya Kanisa inataka kibali cha maandishi cha askofu wa jimbo kabla kanisa halijajengwa, naye hutoa kibali akiridhika kwamba litawafaa waamini na kwamba uwezo wa kulijenga na kuliendesha upo. Ardhi nayo ishughulikiwe mapema. Kiwanja cha kijiji hutolewa na halmashauri ya kijiji baada ya mkutano mkuu wa kijiji kuidhinisha, na kiandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa wa jimbo, kamwe kisiandikwe kwa jina la mzee aliyejitolea eneo, hata akiwa mtu mwema kiasi gani, kwa sababu warithi wake wanaweza kukidai.

Mabati mliyonayo yahesabiwe mbele ya jumuiya zote tatu, yaandikwe katika daftari moja, na yahifadhiwe parokiani. Saruji msinunue sasa, kwani huganda ikikaa. Subirini barua ya askofu na hati ya kiwanja.