Je, Albamu Hii Imeharibika?

SWALI: Mhariri mpendwa, nilinunua kupitia Bandcamp, tovuti ya kuuza muziki, albamu mpya ya noizi roki, lakini gita linakwaruza tangu mwanzo hadi mwisho, kama spika iliyopasuka. Je, nimeuziwa faili mbovu? Tena, noizi roki inatofautianaje na panki na pawa popu? Mimi nimekulia katika benga.
— Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, mkwaruzo pekee si dalili ya ubovu, kwa maana wapigaji wa noizi roki huikoleza sauti ya gita makusudi hadi ianze kukatika. Ukitaka kuhakikisha, vaa spika za masikioni, liache gita, ufuatilie ngoma: ikiwa kila pigo linasikika kavu na safi huku gita likiunguruma kandokando, basi hivyo ndivyo wanamuziki walivyotaka, lakini ikiwa ngoma, sauti ya mwimbaji na gita vinapasuka kwa pamoja, faili au spika yako ina hitilafu. Bandcamp inakuruhusu kupakua upya ulichokwisha kununua, nawe uchague faili ya aina ya FLAC, ambayo haipunguzi chochote katika sauti.

Kwa kulinganisha, isikilize To All Trains ya Shellac, bendi ya Chicago, iliyotoka tarehe 17 Mei 2024, siku 10 baada ya kifo cha mpiga gita wao, Steve Albini, ambaye pia alikuwa fundi mashuhuri wa kurekodi. Gita lake linakata kama bati, ilhali ngoma zimenaswa kwa uangalifu mkubwa kiasi kwamba unausikia hata mwangwi wa chumba chenyewe. Mwaka huohuo The Jesus Lizard, bendi nyingine ya noizi roki, walitoa Rack, albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya tangu 1998, na humo gita la besi ndilo linalobeba wimbo. Mtu wa benga hatakosa kulitambua.

Panki ni nyimbo fupi, za kasi, zisizo na madoido, kama zilivyo katika albamu ya kwanza ya Ramones ya 1976. Pawa popu ina nguvu hiyohiyo ya magita, ila inatanguliza kiitikio kitamu na sauti za waimbaji zinazopatana. Kwa sikio lililozoea magita safi ya benga, naamini huu ndio mlango mwepesi zaidi, na ningekushauri uanze na A Dream Is All We Know ya The Lemon Twigs, ya 2024.

Usiwasahau wa nyumbani. Crystal Axis wa Nairobi wanapiga panki, na Duma, pia wa Nairobi, walitoa mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Kampala, albamu kali inayochanganya muziki wa metali na kelele za kielektroniki, ambayo naiheshimu sana ingawa si ya kuanzia.

Kuhusu kununua, sahani za santuri za bendi ndogo hutolewa chache na gharama ya kuzisafirisha hadi Nakuru ni kubwa, kwa hiyo nunua faili. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya faili, isipokuwa katika Ijumaa maalumu, utaratibu ulioanza Machi 2020, ambapo huiacha sehemu yake iwaendee wanamuziki. Usipokuwa na kadi ya benki, fungua kadi ya Visa ya M-PESA GlobalPay kwenye simu yako, kisha ulipe kwayo.