Kufoka si kuongoza

Umeuliza kama kuzijua hisia za wenzako kunamsaidia askari kuongoza mafunzoni, au ni maneno ya darasani tu. Kunasaidia, tena sana. Angalia Ranger School, kozi ngumu ya uongozi wa vitani ya jeshi la Marekani: siku zaidi ya 60, usingizi wa kuibia, chakula kidogo, na uongozi wa doria unazungushwa. Leo unaamrisha, kesho unabebeshwa rashasha. Wanafunzi wenyewe hupeana alama; wenzako wakikushusha, unaweza kurudishwa nyuma hata kama ramani unaisoma vizuri. Anayefoka saa tisa usiku, watu wamechoka na wamelowa, zamu yake ikiisha nani atampokea mzigo? Ila mbinu na pumzi lazima ziwepo. Mpole asiyejua dira simfuati mimi.