Kupita Engaruka na watoto Desemba hii

Pole kwa msiba, kaka. Nimekuelewa: kila Krismasi mzee aliwatoa Arusha, mkapita Mto wa Mbu na Engaruka hadi Longido kwa njia ya vumbi. Sasa unataka kuwapeleka wanao na mama, ila usukani hujawahi kuushika huko. Nenda, usiache mila hiyo ikatike.

Cha kuogopa ni makorongo kuliko mawe. Mvua inanyesha milimani, nyie huko chini jua linawaka. Mwaka mmoja tulisimama kando ya korongo kavu kabisa; tukasikia mvumo, mara maji ya rangi ya chai ya maziwa yakapita yakisukuma magogo. Tulikaa pale mpaka jioni. Kwa hiyo msipumzike ndani ya korongo, na maji yakijaa, subirini yapungue. Kwenye mchanga punguza upepo wa tairi, ubebe pampu ya kuujaza tena, spea mbili, koleo na maji ya kunywa ya kutosha.

Engaruka tafuta kijana wa kijijini awatembeze kwenye magofu. Watoto waione mifereji ya mawe ya wakulima walioishi pale kuanzia karne ya 15 hivi. Longido wasimulie vita vya Novemba 1914 kati ya Waingereza na Wajerumani.

Mama, kwa presha yake, amwone daktari kwanza. Fundi akague breki na springi. Na tafadhali, msiende gari moja.