Unataka kujichapishia riwaya? Soma hapa kabla hujalipa mtu

Wadogo zangu, kila wiki napata meseji, "kuchapa riwaya ni pesa ngapi?" na mimi kabla sijajibu huwa nauliza kwanza, mhariri umempata? Riwaya yangu ya kwanza nliisoma mwenyewe mara saba nkaona iko sawa, vitabu 500 vikaja, kumbe mhusika sura ya tatu ni Mwanaisha, sura ya tisa amekuwa Mwanasha. Iliniuma sana. Ukishaizoea hadithi, macho yasoma yaliyo kichwani si yaliyo kwenye karatasi, kwa hivyo mtafute mtu mwengine na umlipe.

ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, hapa Kenya inatolewa na Maktaba ya Taifa, KNLS, ni tarakimu 13, na ikiwa utauza kitabu cha karatasi na pia cha kusoma kwa simu basi kila kimoja na namba yake. Iombe mapema, maana bakodi, ile mistari ya kuskani yenye namba hiyo, inakaa kwenye kava ya nyuma. Na mtu wa kava usimharakishe kabla kurasa hazijahesabiwa na karatasi kuchaguliwa, unene wa mgongo watoka hapo.

Sasa mchapaji atakwambia ukichapa 1000 kila kimoja kitashuka bei. Ni kweli, kwa ofseti, yaani mashine ya mabamba ya kuchapa vingi kwa pamoja, ndo ilivyo, lakini 1000 utaviweka wapi na hii hewa yetu ya Mombasa? Mimi nliweka maboksi chini sakafuni, chumba cha nyuma Majengo, ikaingia masika, karatasi zikavuta unyevu, kava zikajikunja kama mkeka. Weka juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kisha kuna mali kauli, hapa ndo nawaomba mnisikize vizuri. Duka linachukua vitabu, linakulipa vikishauzwa, na linakata fungu lake. Tuseme umechapa kwa 250, bei dukani 500, duka likate asilimia 35, wewe wabakiwa na 325, toa zile 250, ni shilingi 75, na hapo mhariri hujamhesabu wala nauli. Nliwahi kuacha vitabu 40 duka moja mjini bila karatasi yoyote, aliyenipokelea akaacha kazi, nkawa navuka feri kutoka Likoni kila Jumatatu kuuliza vitabu vyangu, wa leo akisema njoo kesho, wa kesho akisema hanijui, mpaka nkachoka nkasamehe. Andikisheni idadi, bei, tarehe ya kulipana, na mtu atie sahihi na muhuri wa duka.

PDF nzima ya riwaya yako usimtumie mtu kwa WhatsApp hata akiwa binamu yako.

Siku hizi nachapa 100 kwa dijitali, moja kwa moja kutoka kwa kompyuta bila mabamba. Faida ni ndogo, sawa, lakini pesa hazilali kwenye boksi. Nina daftari, kila duka na ukurasa wake, vikibaki 20 nyumbani ndo nampigia mchapaji.